Sinema Isiyopiga Ramli

Ukitaka kufunga mjadala wowote wa filamu nchini mwetu, sema tu kwamba filamu lazima ifundishe jamii. Ofisa utamaduni atakubali, mchungaji atakubali, msanii anayehojiwa redioni ataongeza kwamba yeye ni kioo cha jamii, na muuza chipsi wa nje ya kibanda umiza pale Mkula, mkoani Simiyu, ataitikia huku akigeuza viazi. Na ukitaka kummaliza mtengeneza filamu, sema kazi yake ina mambo ya ndoto na mizimu, mtu anapotelea hapa anaibukia kule, haijulikani mwanzo wala mwisho. Hukumu hizi mbili ni mtu na nduguye. Moja inashikilia kwamba mtazamaji wetu anahitaji somo lililonyooka. Ya pili inashikilia kwamba sinema ya ndoto, ile iliyopewa jina la usurealisti huko Ufaransa, ni anasa ya Wazungu walioshiba, na kwamba sisi tukiigusa tutavuna ushirikina mtupu.

Nazikataa zote mbili. Nazikataa nikiwa mtu wa Simiyu, mkoa ambao una sababu nzito kuliko mwingine wowote ya kuniambia nifunge mdomo. Sababu hiyo nitaifikia, sitaikwepa.

Kwanza hii imani kwamba watu wetu hawaelewi picha isiyonyooka. Imani hiyo ina mwaka wake wa kuzaliwa. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri milimani Usambara, kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha zilitoka kwa Carnegie Corporation ya Marekani, wazo likatoka kwa wamisionari, zikapigwa filamu 35 za kuwafundisha Waafrika: safura, kilimo, kuweka akiba posta. Muda si mrefu, mwaka 1939, Waingereza wakaanzisha Kitengo cha Filamu cha Makoloni chini ya William Sellers, aliyekuwa ameonyesha filamu za afya Nigeria. Kanuni za Sellers zilikuwa wazi: picha ikae muda mrefu, pasiwe na mkato wa haraka, pasiwe na mazingaombwe ya kamera, kwa maana Mwafrika atachanganyikiwa. Tulipounda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, na baadaye ikatoka Fimbo ya Mnyonge ya kusifu vijiji vya ujamaa, somo lilikuwa limebadilika lakini mtindo wa ubaoni ulikuwa uleule. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwa sauti ya kizalendo kwamba wananchi wa kawaida wanataka ujumbe wa moja kwa moja, namsikia Sellers.

Kuna kisa cha zama hizo ambacho wasomi wamekichosha kwa kukirudia. Mwingereza John Wilson alisimulia kwamba wanakijiji fulani barani Afrika walionyeshwa filamu ya mkaguzi wa afya akifundisha namna ya kuondoa maji yaliyotuama kuzunguka nyumba. Walipoulizwa wameona nini, walijibu: kuku. Wenye filamu hawakujua kama mna kuku humo. Wakaikagua picha kwa picha, wakamkuta kweli, amekatiza pembeni kwa muda kama wa sekunde moja. Mwaka 1962 msomi Marshall McLuhan alikitumia kisa hicho kitabuni kuthibitisha kwamba asiyesoma hawezi kuiona picha nzima. Ajabu ni kwamba sijasikia wengi wakisema lililo wazi: watu wale waliona kitu ambacho aliyeshika kamera hakukiona.

Wakati Waingereza wanasikitika juu ya kuku wao, Luis Buñuel alikuwa Mexico akiwapanga wake kwa makusudi. Katika Los olvidados ya mwaka 1950, filamu ya watoto wa mitaani, kipofu anapigwa na vijana, anaanguka chini, na mbele ya uso wake kasimama kuku anayemkodolea macho. Hakuna anayetuambia kuku huyo kafuata nini. Kuku wanaendelea kupita hadi mwisho, na mtoto Pedro anapouawa bandani, kuku anatembea juu ya mwili. Wanakijiji wa Wilson wangekuwa watazamaji bora wa Buñuel. Wangetoka wakisema, tumeona kuku, na wangekuwa wamesema jambo la msingi kabisa kuhusu filamu ile.

Nikae kidogo na huyu Buñuel, kwa sababu ndiye anayetajwa kila mtu anapotaka kuonyesha kwamba mambo haya ni ya Paris. Alizaliwa mwaka 1900 Calanda, kijiji cha Aragon nchini Hispania. Katika kumbukumbu zake alieleza kwamba pale kijijini Zama za Kati ziliendelea hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila Ijumaa Kuu watu wa Calanda hupiga ngoma kuanzia saa sita mchana hadi siku ya pili, bila kukoma, hadi mikono inatoka damu. Zaidi ya hapo, Calanda wanaamini kwamba mwaka 1640 kijana wa pale aliyekatwa mguu aliamka akakuta Bikira Maria amemrudishia. Mtoto aliyekulia kwenye imani ya mguu uliorudi, alipozeeka alitengeneza Tristana, mwaka 1970, ambamo Catherine Deneuve anakatwa mguu na mguu wa bandia unalazwa kitandani kama kitu cha kawaida. Ngoma zile nazo alizitia kwenye filamu zake zaidi ya mara moja. Paris ilimpa marafiki na kelele. Chakula alitoka nacho kijijini.

Hata filamu yake ya kwanza, Un chien andalou ya mwaka 1929, fedha zake alipewa na mama yake, na hadithi yake ilitoka kwenye ndoto mbili. Salvador Dalí aliota mkono umejaa siafu. Buñuel aliota wingu jembamba likikata mwezi, na wembe ukikata jicho. Wakawekeana sharti moja: picha yoyote itakayokubali kuelezwa kwa akili, itupwe.

Sasa niambieni Calanda imeizidi nini Bariadi. Sisi tuna Gamboshi, kijiji cha wakulima na wafugaji ambacho nchi nzima inakitaja kama makao makuu ya wachawi. Husimuliwa kwamba usiku pale huibuka jiji la maghorofa, barabara na taa, na kukipambazuka mgeni huona vichaka na ng'ombe. Sikitaji kwa sababu naamini. Nakitaja kwa sababu mtu aliyebuni jiji la ghorofa ndani ya vichaka, katika wilaya ambayo kwa miaka mingi umeme ulikuwa ni hadithi, alikuwa anaongea juu ya umaskini wetu kwa namna ambayo hakuna risala ya mkuu wa mkoa imewahi kufikia.

Na kabla ya Gamboshi kulikuwa na Shing'weng'we. Kila mtoto wa Kisukuma amelala na zimwi hili kichwani. Limemeza watu wote na mifugo yao, amebaki mama mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Anamzaa Masala Kulangwa, mtoto anakua, analiua zimwi, analipasua tumbo, watu wanatoka na ng'ombe wao. Hadithi ya semina ingeishia hapo, na ngoma ya wigashe ya kufungia. Ya kwetu haiishii hapo. Masala Kulangwa alipokuwa anapasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi akakasirika mno, akataka kumfanyia ubaya huyo aliyemwokoa, na shujaa ikambidi ahangaike kutafuta dawa hadi sikio likapona. Sikio la nini? Limekujaje ndani ya hadithi ya ukombozi? Bibi zetu hawakulieleza, na sisi hatukuuliza, maana tulilielewa kwa njia nyingine. Mwaka 1986 David Lynch aliianza Blue Velvet kwa sikio la mtu lililokatwa, kijana analiokota kwenye majani, na Marekani ikamwita mbunifu. Lynch alifariki Januari 2025 akiwa amekataa maisha yake yote kueleza filamu zake zina maana gani. Bibi wa Mkula angemwelewa.

Nikitaka mfano wa Afrika sihitaji kuhangaika. Djibril Diop Mambéty wa Senegal hakusomea filamu chuo chochote, na mwaka 1973 alitoa Touki Bouki, yaani safari ya fisi. Inaanza na mtoto amepanda ng'ombe, anaswaga kundi, na kundi linaishia machinjioni Dakar, damu sakafuni. Kisha tunamwona kijana juu ya pikipiki iliyofungwa fuvu la ng'ombe mbele, pembe zake zikitangulia njia nzima. Hatuambiwi kama ng'ombe yule amekufa au ndiye anayeendesha. Kijana wa Kisukuma aliyeuza ng'ombe wa baba yake ili anunue bodaboda anajua picha hiyo inaongelea nini, tena bila tafsiri ya mtu.

Basi twende kwenye ile sababu nzito. Huku kwetu uchawi si mapambo ya hadithi. Kwa miongo kadhaa vikongwe wa Usukumani wamekatwa mapanga, na ushahidi umekuwa macho mekundu: macho yaliyochomwa miaka hamsini na moshi wa kuni, mabua ya pamba na samadi. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, hadi Januari 2015 Serikali ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Anayeniambia kwamba mkoa wa namna hii hauhitaji filamu nyingine ya mizimu ananigusa penye kidonda, na sina haki ya kumjibu kwa nadharia za Paris.

Namjibu kwa jinsi mauaji yenyewe yanavyoanza. Mtoto anaugua homa, anafariki. Wazazi wana swali ambalo hospitali hailijibu. Daktari atasema malaria. Lakini kwa nini mtoto huyu, wiki hii, wakati wa jirani amepona? Wanakwenda kwa mganga. Mganga anatikisa kibuyu au anapasua kuku, na anatoa kitu ambacho daktari hakuwa nacho: jibu kamili. Ni mama mkubwa. Ni yule wa nyumba ya mwisho, mwenye macho yale. Kuanzia dakika hiyo kila kitu kinapangika, ugomvi wa mpaka wa shamba wa mwaka juzi unapata maana, maneno yaliyosemwa kisimani yanapata maana. Serikali ina jina la kazi hiyo ya mganga, ramli chonganishi, na jina linafaa. Tazameni umbo lake: ina chanzo, ina mhalifu, ina suluhisho, na mwisho wake unafahamika. Ni hadithi iliyonyooka kuliko zote. Kilichomuua bibi ni kuelezwa.

Sasa ichukueni filamu yetu ya kawaida ya uchawi, ile ya sehemu ya kwanza na ya pili. Biashara ya kijana wa mjini inaporomoka. Mkewe hashiki mimba. Kamera inahamia kijijini, na hapo tunamkuta bibi kizee wa kaniki nyeusi, ungo pembeni, anacheka. Tumeshaambiwa. Zinazofuata ni dakika sitini za mahangaiko, kisha mchungaji au shehe anaingia, bibi anatapatapa, anakiri, anakufa. Mke anashika mimba. Filamu hiyo inakwenda kukaguliwa na inaonekana haina tatizo: uovu umeadhibiwa, Mungu ametukuzwa, jamii imefundishwa. Mimi naiona ni ramli chonganishi ya dakika tisini. Imefanya kile kile ambacho mganga aliyepigwa marufuku alikuwa anafanya, imemnyooshea kidole kile kile bibi yule yule, tena mbele ya watoto.

Kwa hiyo tatizo la filamu hizi halijawahi kuwa wingi wa mizimu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alipotoa Nsyuka, kisha Shumileta, yenye jini la kike linalopenda binadamu, walioelimika waliziona ni aibu. Zina makosa, tena mengi, lakini zilikuwa na hofu ya kweli ndani yake, hofu ya jiji, ya mapenzi, ya fedha za ghafla. Tulichotakiwa kufanya ni kuwahimiza waliofuata waisogelee hofu hiyo zaidi. Tukawahimiza waweke fundisho mwishoni. Tukapata yale mahubiri.

Kuna Mtanzania aliyekwenda njia nyingine, na namna tulivyompokea inanikera. Martin Mhando alisomea filamu Romania, akafanya kazi Kampuni ya Filamu Tanzania, akatengeneza Mama Tumaini mwaka 1986. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Murdoch, Australia, na akaliongoza kwa miaka mingi Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar. Mwaka 2001 yeye na Mmarekani Ron Mulvihill walikamilisha Maangamizi, na Tanzania ikaipeleka kushindania Oscar. Ilikuwa mara ya kwanza. Mara ya pili ilisubiri zaidi ya miaka 20, hadi Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji.

Hakuna aliyemwita Mhando msurealisti, nami simvalishi joho hilo kwa nguvu. Lakini tazameni alichofanya. Samehe, anayeigizwa na Amandina Lihamba, ni mgonjwa katika hospitali ya akili ambaye hajasema kwa miaka mingi. Dakta Asira, Mmarekani mweusi, anafika kumtibu. Samehe ana mgeni wake mwingine, mzimu wa mababu anayeitwa Maangamizi, anayemtokea. Filamu ya fundisho ingelazimika kuchagua upande hapo: ama mzimu ni ugonjwa, daktari ashinde, tujue umuhimu wa hospitali, ama mzimu ni kweli, Mmarekani aaibike, tujue umuhimu wa mila. Maangamizi haichagui. Daktari amekuja na jibu mfukoni kama mganga anavyokuwa na lake, na filamu inamnyang'anya polepole, hadi yeye mwenyewe anakuwa mmoja wa wanaosakwa na wafu wao. Lihamba anabeba karibu yote hayo kwa uso na ukimya. Mwigizaji ambaye wengi wetu tunamjua kama profesa na mwanatamthilia anakaa kimya mbele ya kamera, na ule ukimya hautafsiriki. Hata mtafsiri wa kibandani, awe Lufufu mwenyewe katika enzi zake, angebaki na kipaza sauti mkononi.

Lawama iliyoifuata filamu hii ni kwamba ni ya wasomi na ya matamasha. Sawa, ilionekana zaidi kwenye matamasha. Lakini lawama hiyo ingekuwa na uzito kama tungekuwa tumeipeleka Lamadi, Nyashimo, Mkula, Maswa, watu wakatoka katikati. Hatukuipeleka. Tulikadiria kwamba hawataelewa, kama Sellers alivyokadiria.

Mwaka 2013 tukapata aibu ya aina nyingine. Noaz Deshe, mgeni aliyekuwa akiishi Berlin, alipiga hapa nchini White Shadow, hadithi ya kijana mwenye ualbino ambaye baba yake anauawa na yeye anakimbizwa mjini. Kamera inatetemeka, inapotea njia, inaingia ndani ya kichwa cha mtoto anayewindwa. Tamasha la Venice likaipa tuzo ya filamu ya kwanza. Wapo waliolalamika kwamba tumechafuliwa jina. Lililonichoma mimi ni lingine: jinamizi lilikuwa letu, waliokufa walikuwa wa kwetu, na mtu wa kulitazama bila kuligeuza kuwa tangazo la elimu kwa umma ilibidi atoke mbali.

Najua litakalofuata: hatuna fedha. Buñuel wa Mexico ndiye dawa ya hoja hiyo. Alipofika huko mwaka 1946 alianza na filamu ya waimbaji mashuhuri ambayo haikumletea sifa, kisha vichekesho na tamthilia za machozi za bei rahisi, za wiki chache, za mfumo ambao mtu wa Bongo Movie angeutambua mara moja. Los olvidados yenyewe ilipigwa kwa siku 21. Ndani ya siku hizo alipata nafasi ya ndoto ya Pedro: mama anashuka kitandani polepole amevaa nguo nyeupe, uso una upendo ambao mchana hakuwahi kumwonyesha, anamletea mwanawe pande la nyama mbichi, mkono unachomoza chini ya kitanda, ni wa Jaibo, kijana atakayekuja kumuua, unampokonya. Hapo hakuna mtambo wa gharama. Kuna kitanda, gauni, nyama ya buchani na mtu aliyejua njaa inaota nini. Filamu hiyo iliondolewa kwenye majumba ya sinema ya Mexico baada ya siku chache, wazalendo wakitaka mgeni huyu afukuzwe kwa kulichafua taifa. Mwaka 1951 Cannes ikampa tuzo ya mwongozaji, makelele yakapungua. Los olvidados haikutoa suluhisho la watoto wa mitaani, na ilitamka hivyo waziwazi mwanzoni: suluhisho iliwaachia wengine.

Kwa hiyo mapendekezo yangu kwa Bodi ya Filamu na kwa wakaguzi wa mikoani ni madogo na hayahitaji bajeti. Acheni kuuliza kila mswada unafundisha nini. Ulizeni umemtaja nani. Kijana wa Bariadi akileta filamu ya fisi anayevuka barabara ya Lamadi saa nane usiku na isijulikane ametumwa au ana njaa, mpeni kibali, hata kama hamkuielewa. Inayoishia kwa bibi mwenye macho mekundu kuanguka na kukiri, hiyo ndiyo ya kurudishwa, hata kama mchungaji ameshinda na kwaya inaimba.